Arobaini na Moja Hayajarudi

Jumatatu, 3 Machi
Kozi ya kuunda programu imeanza, saa kumi na moja jioni, nikitoka kazini. Nimeandika mistari minne, kompyuta ikanisalimu kwa jina. Miezi sita masjala, hakuna kitu kilichowahi kunitii. Mwalimu anasema programu ijaribiwe kwanza kwenye nakala. Nimeyaandika maneno hayo daftarini kwa wino mwekundu.

Jumanne, 4 Machi
Ijumaa bosi ataamua kama nithibitishwe kazini au nifungashe virago. Mama ameshawaambia majirani kuwa nimethibitishwa. Karani mwenzangu, tunayemwita Mhuri kwa sababu hugonga mihuri kama anayeua mende, ameniuliza kama kozi yangu inafundisha pia kutafuta mafaili. Arobaini na moja hayajarudi masjala. Nimecheka kwa adabu. Kisha wazo likanijia.

Jumatano, 5 Machi
Leo kitanzi: unaiamuru kompyuta irudie jambo mpaka likamilike. Utamu wake hauelezeki. Programu yangu inasoma orodha, inamtumia kila aliyechukua faili ujumbe: "Rudisha." Dakika ikipita, inatuma tena. Haichoki, haioni aibu, haimwogopi mtu. Yaani kila kitu nisichokuwa mimi.
Nakala ya nini? Programu nimeisoma mara tatu. Haina kosa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeiwasha saa tatu asubuhi. Kufika saa nne, mafaili thelathini na nane mezani. Watu wanayabwaga mlangoni na kukimbia. Mhuri ameniita kaka mkubwa.
Saa tano, arobaini. Limebaki moja, na mwenye nalo ni mkaidi: ujumbe mia moja na ishirini. Nikasugua viganja.
Mara bosi akaingia, simu ikimlilia mkononi. Akaweka faili mezani, akasema haya mwanangu, chukua, na mimi nipumue.
Faili langu la kazi. Ndani, barua ya kunithibitisha. Nafasi ya sahihi tupu. Mhuri anasema alimkuta bosi ameshika kalamu, simu ikilia kila akitaka kuandika.

Ijumaa, 7 Machi
Mhuri amelirudisha faili kwa bosi. Mimi nilijificha masjala. Bosi amesema atatia sahihi leo usiku, akitulia. Mwalimu ameniuliza taratibu kama niliijaribu kwenye nakala. Nimemwonyesha daftari. Maneno yake yamo, kwa wino mwekundu.
Kosa nimeshaliona: lugha. "Rudisha" ni ukali mno. Programu mpya inasema: "Shikamoo bosi. Tafadhali tia sahihi." Kila nusu dakika, mpaka atie. Nimeisoma mara nne.
Nimeiwasha.