Banda la Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Aibu imeingia nyumbani na watu wanapiga vigelegele.

Mjukuu wangu, msanifu wa majengo, amerudi kutoka kazini mbio, mkoba unaning'inia, viatu hajavua. Bibi, nimepewa banda! Banda gani? La ng'ambo, anasema, kwenye maonyesho makubwa ya usanifu, nchi chungu nzima zitakuwepo. Wifi yangu akarusha kigelegele mpaka paka akatoka nje. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Tunaishi naye chini ya paa moja kwa sababu kifo hakijui kuchagua.

Banda! Msichana amesoma mpaka macho yakaomba miwani. Rula na penseli ameshika tangu ana meno ya maziwa. Mama yake aliniachia akiwa anatambaa, akaenda kutafuta maisha, na mpaka leo anayatafuta. Nikamlisha, nikamvisha, nikampeleka darasani kwa kumvuta sikio. Wenzake wanapewa maghorofa. Yeye banda. Kuku nao wana banda!

Kisha akasema neno la maana. Waandaaji wanalipa nauli yake na ya ndugu mmoja. Mmoja tu. Atatuambia Jumamosi anakwenda na nani. Akatutazama, mimi na Wifi. Wifi akatabasamu kama mtu aliyekwisha funga sanduku.

Mtu mmoja. Ni mimi. Nani mwingine? Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nimelea. Sasa zamu yangu kupanda ndege, nikae dirishani.

Jumanne, 4 Machi

Wifi kavaa miwani yake, kaketi sebuleni, anasoma kwa sauti jarida la Mjukuu linalotangaza maonyesho yajayo ya dunia nzima. Anasoma ili nijue kwamba yeye alifika darasa la saba na mimi niliishia la tatu. Haya, soma.

Kuna mji mwezi wa tano wataonyesha viti. Watu watalipa kiingilio waingie kutazama viti, na kukalia marufuku. Kuna mji watazima umeme ili watu watazame taa. Kuna bwana mmoja, msanii, ataonyesha chumba kitupu. Kitupu kabisa! Nikasema mimi ninacho kule uani, wapangaji wamekikataa, mbona hajaja mtu na kamera. Wifi akasema sanaa si ya macho ya kila mtu. Nikamwambia na adabu pia.

Jioni nikapita kwa fundi cherehani, jirani yetu, mwenye mdomo mpana kuliko duka lake. Nikamweleza Mjukuu wangu anajenga ghorofa ng'ambo. Orofa ngapi? Nikasema za kutosha. Kumbe Wifi yuko nyuma ya pazia la kupimia nguo, anapunguzwa kiuno. Akatoa kichwa. "Si ghorofa, wifi yangu. Ni banda." Mbele ya watu! Fundi nusura ameze pini kwa kicheko.

Nimekwisha pata dawa. Kesho nakwenda ofisini kwao, nitaongea na mkubwa wake. Mtoto apewe jengo la heshima. Akijua nani kampigania, Jumamosi hatauliza mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Sikuvaa vibaya. Hilo naliandika kwanza.

Ofisi yao ni ya vioo, unaona mpaka mtu anayejikuna. Ukutani, kwa herufi kubwa nyeusi: WIFI BURE. Nikasimama nikasoma tena. Nikasema moyoni, hatimaye nimefika mahali penye watu wa kweli. Bure kabisa! Hata hapa habari zake zimefika. Nikampongeza msichana wa mapokezi. Akanipa maji.

Mkubwa wao ni mzee mwembamba, shati halijachomekewa. Nikamwambia bila kuzunguka: baba, huyu mtoto si yatima wa kutupiwa banda. Kama kazi zimekwisha, sema. Kama ni upendeleo, sema. Banda mpe mwenye kuku. Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniambia kwa upole kwamba kwenye maonyesho kila nchi huwa na mahali pake pa kuonyesha kazi, na mahali hapo ndipo huitwa banda. Waliomba wasanifu wengi. Alipewa Mjukuu peke yake. Yeye mwenyewe aliomba ujanani na hakupata.

Nikasema basi wabadilishe jina.

Vioo vile! Ofisi nzima walikuwa wameacha kuchora. Mjukuu alikuwa amesimama karibu na mashine ya karatasi, uso umemshuka. Akanisindikiza mpaka barabarani, hakunishika mkono. Akasema tu, Bibi, ningekueleza. Ungeniuliza.

Niulize! Mimi ndiye wa kuulizwa. Lakini nakiri, ndege imesogea mbali kidogo. Lazima nimfanyie jambo zuri, la kimya.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo lenyewe limejileta.

Mjukuu ameleta nyumbani kijumba cha kadibodi, mfano wa kile atakachojenga kule bandani. Ameuweka juu ya meza ya kulia, akasema tusiuguse, kesho unapigwa picha. Kaenda kazini. Wifi kaenda kwa daktari wa meno. Nikakaa na kile kijumba, tukatazamana.

Kizuri. Sisemi uongo. Kuta nyembamba, ngazi ndogo kama za mchwa, watu wa karatasi warefu kama ukucha. Nikainama nikachungulia. Moyo ukaruka. Hakina milango! Hata mmoja. Chumba, tobo. Jiko, tobo. Mbele kabisa, tobo la kupita ng'ombe. Maskini mtoto, kazi zimemzidi, kasahau milango! Angesimama mbele ya mataifa na nyumba ya matobo, na wale wenye viti vyao wangemcheka.

Nikakoroga unga wa ngano, gundi nzito. Nikachukua pakiti ya chai, ile kijani, karatasi yake ngumu. Nikakata milango kwa mkasi wa kucha. Nikapima, nikabandika, wa mbele nikaukunja kidogo ufunguke na kufungwa. Nikauchorea komeo kwa kalamu. Kwa upande wa ndani bado yanasomeka maneno CHAI BORA YA MAJANI, lakini nani atachungulia ndani?

Mgongo unaniuma ila roho imetulia. Jumamosi naiona kama hii hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Yamenikuta.

Amefika na mpiga picha. Kafunua kitambaa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Akauliza kwa sauti ndogo, nani kaweka hivi? Nikasema huenda ni Wifi. Ulimi ulitangulia, mimi nilifuata. Na Wifi, badala ya kuniruka kama mtu mwenye akili, akasema ndiyo, mwanangu, tulibandika pamoja, tulidhani tunasaidia. Pamoja! Hakuwepo hata! Hajui gundi ilikuwa nzito kiasi gani! Ndivyo alivyo yule mwanamke: hata kosa langu anataka nusu.

Mjukuu hakudanganyika. Ananusa unga wa ngano tangu utoto, mimi ndiye niliyembandikia makaratasi kwenye daftari zake. Akajaribu kuung'oa mlango wa mbele. Ukang'oka na ukuta.

Mpiga picha akatoka kuvuta sigara. Ndipo nikaelezwa. Nyumba ile haina milango kwa makusudi. Ndiyo maana yake yote. Ndiyo iliyowashinda wale wengine. Ameandika, na waandaaji wamesoma, kwamba alilelewa katika nyumba ya vyumba viwili. Kimoja kina mlango na kitasa, na kingine kina pazia tu. Akiota vibaya alipita chini ya pazia, akalala, hakuna aliyemuuliza kitu. Nyumba yake imetoka kwenye pazia lile.

Pazia la Wifi. Kitambaa kile cha maua kilichopauka! Mimi nilimshonea, tena kwa mkono.

Nikamuuliza, na mlango wangu je? Akasema, "Kwako nilibisha, Bibi. Ukauliza nani. Kila mara ukauliza nani, na mtoto nyumbani ni mimi peke yangu."

Sasa nisiulize? Mtu akibisha unasema karibu hata kwa fisi? Na kalamu zake za rangi zilikaa wapi zisiibiwe? Sare zake, viatu vya shule, vitabu vya kuazima? Chumbani kwangu, nyuma ya kitasa. Mwenye pazia alilinda nini? Ndoto. Ndoto haziibiwi! Hayo hakuyaandika. Hayo hayapigwi picha.

Sikumwambia. Nilisema supu inapoa. Hapakuwa na supu.

Jumamosi, 8 Machi

Anakwenda na Wifi.

Alinijia asubuhi, akapiga magoti kunieleza, adabu zake hazijamtoka, nani alimfundisha? Kasema bandani kutakuwa na chumba chenye pazia na Bibi Mdogo, ndivyo anavyomwita Wifi, atakaa humo, atamkaribisha yeyote anayeingia. Ndiyo kazi yake. Kukaa! Wanamlipia mtu nauli akakae. Mimi nimesimama miaka yote jikoni na hakuna aliyenikatia tiketi.

Nikasema Mungu awatangulie. Nilisema vizuri. Kisha nikafunga mlango wangu, na kitasa kikalia kuliko nilivyotaka.

Jumatatu, 17 Machi

Leo wanaondoka. Tangu asubuhi goti langu limekataa. Nikalala kwenye kochi, nikakunja uso, nikaomba wasihangaike na mimi, waende tu, wakinikuta baridi wasilie. Mtu mwenye huruma angebaki. Nilimtazama Wifi nikisema hivyo.

Mjukuu kamwita mwenye duka la dawa. Mzee yule akaligonga goti la kulia. Nikalia. Akasema kumbe alifikiri ni la kushoto, ndilo nililokuwa nimelishika alipoingia. Nikamwambia maumivu yanatembea. Akasema basi na wewe mama yangu tembea.

Wifi, mlangoni, sanduku mkononi, akanirudia. Akasema njoo wewe, mimi nitamwambia mtoto nimeumwa, wewe ndiye uliyemlea, kila mtu anajua. Alisema kwa kunong'ona. Na macho yake hayakuwa na ujanja, nilitafuta.

Ningesema ndiyo! Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Lakini kwenda kwa sadaka ya Wifi? Nikae ndani ya pazia lake, kwa ruhusa yake, na nirudi nimshukuru mpaka kaburini? Nikamwambia achunge asichelewe, ndege si jirani.

Gari likaondoka. Nyumba ikawa na sauti ya friji.

Alhamisi, 20 Machi

Wamepiga simu ya picha. Fundi cherehani alikuwepo, amekuja kuazima pasi, akaja na watu wengine watatu kumsaidia kuibeba.

Mjukuu alitembeza simu. Kweli ni kubwa lile banda, na nyumba yake mafundi wa kule wamekwisha isimamisha ndani! Refu kama ghala, mwanga unashuka kutoka juu. Watu wanaingia, wanatoka, wanaingia tena upande mwingine, watoto wanakimbizana. Hakuna anayebisha. Mzungu mmoja mrefu kaketi sakafuni, viatu kavua, analia, hakuna aliyemfukuza. Pazia la maua, limeshonwa kama lile la nyumbani. Wifi akalifungua akapunga mkono, amenenepa tayari.

Mjukuu akageuza simu upande wake. Amechoka, amependeza. Akaniuliza, Bibi, unaonaje?

Wote wakanitazama, hata fundi. Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema nimekuona, mwanangu. Nilitaka kusema siku zile nilipouliza nani, nilijua ni nani, nilipenda tu kusikia ukisema ni mimi, Bibi. Maneno yakapangana foleni.

Nikasema: mikoba mnaiweka wapi?

Akacheka kidogo. Kisha mtandao ukakata, au aliukata.

Jumamosi, 22 Machi

Habari njema! Wifi kapoteza mtandio wake wa hariri!

Mwenyewe anasema aliusahau kwenye ndege, tena wamekwisha upata. Ananificha. Umeibiwa. Nyumba haina mlango, mtandio utakaa kwa imani? Nilisema! Kwa kinywa hiki nilisema! Nimempigia fundi cherehani, nimempigia mwenye duka la dawa, nikampigia na yule mkubwa wa ofisini, akasema yuko kwenye kikao.

Kwa hiyo nimekata shauri, na ni kwa mapenzi tu. Wakirudi nataka Mjukuu aone kwamba bibi yake mkubwa naye anajua usanifu. Seremala alikuja leo kupima chumba cha Wifi. Pazia nimelitoa, nimelifua, limekuwa matambara mazuri ya jikoni. Anaweka mlango wa mbao nzito, bawaba nne, komeo la ndani na kitasa cha nje. Aliniuliza kama mwenye chumba amekubali. Nikamwambia afanye kazi yake, chumba hakina mwenyewe wiki hii.

Watafurahi mno. Nimeagiza ufunguo mmoja tu, ili usipotee. Nitaushika mimi. Wifi akitaka kuingia, atabisha.