Kamera ya Kuingia Mfukoni

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeamua. Nataka kamera ya pili. Ndogo, ya kuingia mfukoni, si hili jiwe ninaloning'iniza shingoni tangu nioe. Kila mpiga picha wa maana anayo. Hata Mkurugenzi anayo! Huyu ni jirani yangu wa studio ya ng'ambo ya barabara. Chumba kimoja na pazia la bluu, lakini amejiita Mkurugenzi na watu wakakubali. Jana kachomoa kidude mfukoni, cha!, akampiga picha mteja wangu. Mteja wangu mwenyewe, tayari ameshaweka mguu kwenye ngazi yangu!

Kikwazo ni mke wangu. Ni fundi cherehani, na watu hawa hupima kila kitu. Nikimwambia nataka kamera ataniuliza niliyo nayo ina nini. Haina kitu, nzima kabisa. Kwa hiyo lazima iugue.

Na iugue wiki hii hii. Jumamosi shemeji anaolewa, mdogo wake mke wangu, na mpiga picha ni mimi. Mama mkwe alimtaka Mkurugenzi. Hajasahau yale mahafali ambapo nilikata vichwa vya wahitimu pichani ili majoho yaonekane vizuri. Mke wangu akanitetea, akaweka dhamana jina lake. Mama mkwe akasema haya, ila nikumbuke jambo moja: harusi yake yeye haina picha hata moja. Mpiga picha alifungua kamera juani, filamu yote ikaunguzwa na mwanga. Jambo hilo analo moyoni mpaka leo. Mwanawe asikose kama alivyokosa yeye.

Nikamwambia mama, wewe lala usingizi.

Jumanne, 6 Agosti

Kamera imeugua! Nimechomoa betri na kuificha mahali ambapo binadamu hawezi kufikiria: ndani ya kopo la vifungo. Nikakaa sebuleni na uso wa msiba.

Sikujua kwamba mke wangu ataibeba kamera mbio hadi ng'ambo ya barabara. Kwa Mkurugenzi! Yule bwana kafungua kifuniko, kachungulia, kisha kasema mbele ya wateja kwamba shemeji, hii haiumwi, hii ina njaa. Wamecheka mpaka nimewasikia kupitia dirishani.

Jioni mke wangu alikuwa anatafuta kifungo cha gauni. Kumbe vifungo huwa anavitoa kwenye kopo la vifungo. Betri nimeikuta kwenye sahani yangu, pembeni ya wali.

Hakugomba. Hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu kwa nini nisiseme. Mwenyewe alikuwa anawaza kwamba kwa siku kubwa kama ile kamera moja haitoshi, na kwamba cherehani mpya aliyokuwa anaitamani inaweza kusubiri. Ningeomba tu, angekubali. Na pesa amenipa hata hivyo.

Nimejifunza somo kubwa. Wakati mwingine nifiche chini ya godoro.

Jumatano, 7 Agosti

Wazo la kibingwa! Kamera ya siri yataka mfuko wa siri. Nimempelekea mke wangu koti la suti ashone mfuko kwa ndani, upande wa moyo. Akashika futi yake, akauliza kamera yenyewe ina ukubwa gani. Nikamjibu sijainunua. Akaishusha futi. Akasema yeye huwa anapima mtu kwanza, ndipo akate kitambaa. Nikamweleza kwa upole kwamba haya ni mambo ya kitaalamu.

Basi kipimo tukachukua kwenye kipande cha sabuni ya kuogea. Mfuko umetoka mzuri ajabu. Sabuni imeingia bila kusukumwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Dukani, na koti langu begani. Muuzaji ni mtu wa maneno mengi. Akanieleza ipi inavuta mbali, ipi inaona vizuri kwenye mwanga hafifu, ipi betri yake inadumu. Nikamwambia vizuri sana ndugu yangu, lakini inaingia?

Ile aliyoisifu kwa ukumbi wenye giza haikuingia. Unene wa kidole tu! Akanishauri nipanue mfuko. Nipanue mfuko, mshono wote ule? Tukajaribu nyingine, na nyingine, mpaka kabati la kioo likabaki tupu na wateja wamesimama kutazama. Mama mmoja akauliza kama nanunua kamera au nanunua koti.

Mwishowe ikapatikana. Ya rangi ya fedha. Imeteleza ndani kama ilizaliwa humo! Imebana kidogo, lakini kubana ndiyo usalama. Nikachomoa memori kadi kwenye kamera yangu kubwa, nikaiweka kwenye ndogo, nikapiga sikio la muuzaji kwa majaribio. Sikio safi, mpaka kinyweleo. Muuzaji akanionya niangalie swichi ya kuwashia, iko juu na ni nyepesi. Huyu ananifundisha kazi mimi! Nimelipa na kutoka huku napiga mluzi.

Ijumaa, 9 Agosti

Balaa. Mkurugenzi kaalikwa harusini! Bwana harusi alisoma naye. Atakaa pale na macho yake yale ya kuchungulia, anikosoe kila picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

Hatapata kitu. Nimekibandika kioo chote utepe mweusi, mimi nitatazamia kwenye kitundu cha juu. Na achungulie sasa.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku imekwisha. Nimechoka lakini nimeng'ara.

Palikuwa na kisirani kimoja tu. Maharusi wanavishana pete, ukumbi kimya, mara kifua changu kikaanza kunguruma. Zzzzz! Swichi ilikuwa imejiwasha humo mfukoni, lenzi ikataka kutoka na haina pa kutokea. Zzzzz! Shangazi wa bwana harusi akaniuliza kama nina matatizo ya moyo. Nikavuta, wapi! Lenzi imeshika bitana. Mke wangu akanivuta nyuma ya nguzo, akatoa mkasi kwenye mkoba, akaikata kazi yake mwenyewe. Kamera akaitia mkobani. Nikamwambia akae nayo, mimi nina kazi.

Na kazi nimeifanya! Kamera kubwa leo iliimba. Pete, keki, maharusi mlangoni, mama mkwe na mwanawe. Cha, cha, cha! Nimepanda viti, nimelala sakafuni, nimemsukuma mjomba mtu. Mkurugenzi alikuja na soda yake, akauliza huo utepe ni wa nini. Nikatabasamu tu. Mama mkwe wakati wa kuaga alinishika mkono, akasema leo mkwe wangu nimekuona ukihangaika. Karibu nilie.

Jumapili, 11 Agosti

Maskini mimi.

Nimefungua kamera nitoe picha. Hamna kadi. Nimepapasa, nimepuliza, nimeigeuza juu chini. Hamna. Nikabandua utepe na kuwasha. Kioo kikaandika maneno mekundu: HAKUNA KADI. Kumbe kilikuwa kinaniambia hivyo siku nzima ya jana, chini ya utepe!

Kadi ilibaki kwenye ile ndogo tangu dukani. Nimepiga picha harusi nzima bila kuhifadhi hata moja. Nikamkumbuka mama mkwe na filamu yake iliyoungua, nikakaa chini. Sasa mama na mwana wote hawana. Na waliofanya hivyo ni wapiga picha wawili, na mmoja ni mimi.

Nilipopata pumzi nikaanza kupanga. Niseme tumeibiwa. Niseme kamera imeangukia maji. Nilikuwa bafuni natafuta ndoo ndipo mke wangu akaingia. Akatazama kamera, akatazama ndoo. Nikasema yote. Sijui kwa nini, yalitoka yenyewe.

Akaenda kuleta mkoba wake. Akasema jana alikaa pale mezani hana la kufanya, kidude kiko mkononi, akawa anabonyeza bonyeza tu.

Zimo! Pete imo, tayari kidoleni. Keki imo. Maharusi wanacheka kabla hawajajua kama wanatazamwa. Nyingine zina giza kidogo kwa sababu ya ule ukumbi, lakini watu ni wenyewe, na vichwa vyao vyote vipo. Imo moja ya mama mkwe anamrekebishia mwanawe shela, pini mdomoni, wote wawili machozi yamewalenga na wanacheka. Mimi nyuma yao nimelala sakafuni, matako juu. Nimelia. Mtu akiuliza nitasema vumbi.

Jumanne, 13 Agosti

Mama mkwe alikuja kuzichukua. Ile ya shela aliishika kwa mikono miwili. Kisha akauliza nani kapiga hii.

Mke wangu akanitazama, akaniachia nafasi. Nikakohoa. Nikasema wazo la kununua kamera ya pili lilikuwa langu. Mama mkwe akasema hakuuliza wazo. Ikabidi niseme. Akamkumbatia binti yake, akamwambia mwanangu, umenirudishia na ya kwangu. Mimi nikapewa kazi ya kuchemsha chai.

Mkurugenzi naye kavuka barabara kuja kutoa pongezi. Kamwita mke wangu mpiga picha mwenzake. Kwenye ngazi yangu!

Ijumaa, 16 Agosti

Mambo yananyooka. Mabibi harusi wanaokuja kupima magauni sasa wanamtaka mke wangu na kwa picha. Anapiga kwa ile ndogo. Jana akasema kwa kazi hizi anahitaji kamera ya pili, ya akiba, akaichukua ile yangu kubwa. Utepe uliobaki kautupa.

Kwa hiyo mimi sasa sina kamera hata moja. Safi kabisa! Nani atabisha kwamba nahitaji nyingine? Safari hii ndogo zaidi, ya kuingia kwenye soksi, ambako hakuna lenzi itakayonguruma karibu na moyo. Nitaichagua wiki ijayo. Kwanza nimempelekea mke wangu soksi aishonee mfuko.

Kumwomba moja kwa moja? Thubutu! Nimemwambia mfuko ni wa kuwekea leso. Ameshika futi yake, akauliza kama leso hiyo nayo itahitaji memori kadi. Nikasema hapana. Hajashtuka hata kidogo.