Kata Kilichokauka Tu

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kumuuguza dada yake. Siku sita. Begi moja, mwavuli na masharti. Nilidhani ataniaga mimi kwanza. Wapi! Alikwenda kuuaga mtende wake wa mapambo pale uani, akaupapasa shina, akaniambia Binti asikose maji. Ndiyo, anauita Binti. Binti yetu halisi, aliyeolewa, huulizwa hali baada ya huyo.

Ameacha karatasi kwenye kabati la vyombo. Mistari miwili. Maji kila asubuhi. Kata kilichokauka tu.

Kana kwamba simjui Binti! Miaka kumi na moja iliyopita mbegu zake zililowekwa siku tatu kwenye sufuria yangu ya chai, zikamenywa, zikafukiwa kwenye mikebe na kuwekwa chini ya kitanda chetu zipate joto. Miezi minne! Mwezi wa tatu nilishauri zitupwe. Mke wangu akanijibu mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akawa anainama kila asubuhi na kijiko chake cha maji. Mbegu moja tu ikatoa ncha ya kijani, nyembamba kama sindano. Mkebe, ndoo, pipa, mpaka ardhini. Leo inachungulia paa.

Jumanne, 4 Juni

Jirani yetu, Mwalimu mstaafu, ameegemea ukuta akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia homa imeshuka. Akasema alikuwa anauulizia mtende. Mzee huyu!

Mbegu zile yeye na mke wangu waligawana kutoka mfuko mmoja. Tangu hapo wanashindana: wa nani utachanua kwanza. Miaka kumi na moja, hakuna ua hata la dawa.

Nimeamua. Mke wangu akirudi Jumapili atakuta maua. Shida ya Binti ni kudekezwa. Nimempa chumvi vikombe viwili, kwa kuwa niliwahi kusikia minazi inapenda chumvi. Mnazi na mtende si ndugu? Ndugu hula chungu kimoja.

Jumatano, 5 Juni

Ncha za makuti zimegeuka kahawia. Siyo zote. Nyingi.

Mke wangu kapiga simu, kaniuliza Binti amekunywa. Amekunywa. Akauliza nimemfanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akataka kujua kama sijafanya kitu, au sijafanya kitu bado. Huyu mwanamke!

Nimemwaga ndoo kumi na nne kuosha chumvi. Mgongo hauna mwenyewe. Uani kumekuwa bwawa, na ndala yangu ya kushoto haijulikani iliko.

Alhamisi, 6 Juni

Leo sibuni kitu. Leo natii.

Kata kilichokauka tu. Nimepanda kiti cha jikoni na kisu kikali. Nimeondoa makuti mawili makavu, safi kabisa. Kisha nikaona katikati ya makuti kitu kimejitokeza, kirefu, cha kahawia, kigumu kama mwiko. Kimekauka kau! Sijui mke wangu alikuwa haoni? Nimekikata. Kilikuwa kizito, lakini kimefaa: nimekiegemeza chini ya kamba ya nguo, iliyokuwa imelegea. Fulana zangu sita sasa hazigusi matope.

Mara yangu ya kwanza katika ndoa kufuata maagizo neno kwa neno. Nimelala mchana kwa furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa.

Nimetoka na chai yangu, nikakuta nyuki kwenye fulana. Ule mwiko umepasuka katikati. Ndani yake vishada vya maua, rangi ya siagi, mamia kwa mamia, vikimwagika juu ya kamba.

Mwalimu alikuwa ukutani. Akavua kofia kama aliye msibani. Akanieleza polepole kuwa lile ni karara, nyumba ya maua, na mtende huu karara lake hukomaa likiwa kama limekauka. Yeye alikuwa ameliona wiki tatu zilizopita. Mke wangu pia. Alikuwa anahesabu siku awahi kurudi alione likifunguka lenyewe. Nikauliza kwa nini sikuambiwa. Mwalimu akatazama kofia yake. Akasema mke wangu alimsihi asiniambie, maana nikijua tu, nitalisaidia.

Nimekaa juu ya ndoo. Namwona mke wangu anavyoinama na kijiko kile, asubuhi baada ya asubuhi. Imeniuma. Imeniuma kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango. Karara litarudi mahali pake.

Nimemwambia Mwalimu sasa ushindi ni wake. Akanijibu wa kwake hauna hata chunusi, na mashindano ya mtu mmoja hayana utamu. Akaleta ngazi. Nyumbani hamna kamba ya rangi ya shina ila kitu kimoja: tai yangu ya harusi, ya kahawia. Tumefunga. Kwa mbali huwezi kujua. Kwa mbali sana.

Mwalimu ameniaga akisema kesho yeye ni kiziwi.

Jumapili, 9 Juni

Amerudi. Dada mzima. Hakutua hata begi. Alisimama mbele ya Binti, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Nikajua nimepona!

Akauliza Binti ameanza lini kuvaa tai.

Nilikuwa nimekalia kuti kavu, nikaanguka nalo. Nimekiri yote: chumvi, kisu, fulana. Alicheka mpaka akakaa juu ya begi. Kisha akasema kwa sauti ndogo kuwa alitamani kuliona likifunguka. Hapo ndipo nilipotamani anifokee.

Baadaye akanionyesha kwa ncha ya mwavuli, upande wa pili wa shina: karara jingine, la kijani, kubwa kama kidole gumba. Litafunguka baada ya miezi miwili hivi, alisema. Nimeapa kwa jina la mama yangu kutoligusa. Akaweka vile vishada kwenye jagi la maji mezani, akanimiminia chai. Mimi kwanza, Binti baadaye. Naandika ili ikumbukwe.

Alhamisi, 13 Juni

Mke wangu yuko kwa Mwalimu, amempelekea kishada kimoja ili amringie vizuri.

Nimelitazama karara. Siku nne, bado kidole gumba! Miezi miwili ni mingi mno kwa mwanamke aliyekwisha kungoja miaka kumi na moja. Na pale nchani naona limebana, maskini, linataka kupumua. Mkato mdogo tu, na Jumapili analiona likifunguka mbele ya macho yake. Atafurahi!

Kabatini kuna karatasi mpya. Neno moja: Usiguse.

Sawa. Kwa mkono sitagusa. Kisu si mkono.