Datsun ya Njano ya Mama Soila

Nasri wa Kaloleni hajawahi kumwibia mtu. Hilo amelisema mwenyewe, tena kwa uchungu, kila aliposhikwa. Watu humpa vitu, naye hupokea. Wakibadili mawazo baadaye, ni shauri la malezi yao.

Asubuhi moja alikuwa mgahawani, anakunywa chai ya mtu mwingine huku akiperuzi simu, akakutana na habari: huko ughaibuni wanatengeneza filamu ya watu halisi kutokana na ile katuni ya zamani, Duma wa Lami. Nani asiyemjua Duma? Kila aliyekulia mbele ya tivii ya kichogo alimwona yule kijana mwenye skafu akirusha gari lake la njano juu ya mito. Waliokuwa watoto siku zile sasa wana vitambi na fedha, na tajiri mmoja wa Nairobi alikuwa ametangaza kwamba anatafuta Datsun ya njano ya enzi hizo, kama ile ya Duma, kwa bei yoyote.

Nasri akaweka kikombe chini. Mwaka jana, alipokuwa Olmotonyi akiuza dawa ya kuua fuko, dawa ambayo fuko waliipenda sana, aliona kupitia upenyo wa banda la mbao pua ya gari la njano.

Kesho yake alirudi Olmotonyi. Noah, gari lake, ikashindwa na makorongo mapema tu, akaiacha kando ya lami na kupanda kwa miguu. Banda lilikuwa la Mama Soila, mjane wa Solomoni, dereva wa mashindano ya magari enzi zake. Mama huyo aliishi kwa ng'ombe wake wa maziwa na mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya banda, akisaidiwa na mpwa wake Lomayani.

"Takwenya, mama," Nasri alisema. Kimaasai chake chote kiliishia kwenye salamu hiyo.

"Iko. Karibu, baba. Umepanda kwa miguu?"

"Barabara yenu hii ni adhabu, mama."

"Hata gari la maziwa limeikataa. Ndoo zinashuka na punda, zikifika lami maziwa yameshachacha. Nusu namwaga." Alisema hivyo akitazama pembeni, na sauti yake haikuwa na mzaha. Kisha akamgeukia mgeni, akamkagua kuanzia viatu hadi kofia. "Haya, umetuletea nini safari hii?"

Mtu mwingine angeshtuka kwa hilo neno safari hii. Nasri alikuwa ameshaanza kuhubiri.

"Mama, unamfahamu Duma wa Lami?"

"Yule anayeendesha gari kama hana mama?"

"Huyohuyo! Filamu yake inakuja, watu halisi, magari halisi. Wenyewe wamenituma. Vipande vya milimani vitapigwa hapahapa, na gari wanalolitaka ni la marehemu. Duma nitaigiza mimi."

"Duma ana kitambi?"

"Huyu ni Duma wa ukubwani. Anawaaga wanakijiji, anaingia garini, anaondoka."

"Halafu?"

"Halafu basi. Wanakijiji wanapiga makofi."

"Anarudi lini?"

"Hapo filamu haionyeshi, mama."

Tumpe haki yake. Wezi wengi hukimbia umati, huyu aliualika umati uje umshangilie. Kichwa cha namna hiyo kingeweza kulijenga taifa, kama taifa lingeachwa barabarani na funguo zake ndani.

Mama Soila alifikiri kidogo. "Injini yake ungependa kuisikia?"

"Ningependa kuiona."

"Kuiona, hapana. Boneti ya marehemu haifunguliwi na mgeni. Ataifungua shemeji yangu mkubwa, na yeye yuko Simanjiro na ng'ombe. Kusikia, ruhusa." Akaingia bandani, akafunga mlango, akapaza sauti: "Lomayani! Washa!"

Mbao zikatetemeka. Mlio ukapanda, ukatulia, ukapanda tena, mzito na safi. Vumbi jeupe likatua kwenye viatu vya Nasri, naye alikaribia kulia kwa furaha.

"Ndiyo injini ya Solomoni hiyo," alisema Mama Soila alipotoka. "Ila gari hili tumbo liko chini. Korongo la kwanza tu, limekaa. Filamu yenu itakuwa ya Duma kusubiri fundi."

Ndivyo Nasri alivyofika Ngaramtoni kwa Brayson, mwenye greda la kuchonga barabara. Brayson hakuiamini filamu. Aliiamini Noah. Akachukua kadi yake na funguo, wakakubaliana kwamba ikifika Jumamosi jioni bila malipo, Noah imehama ukoo. Noah ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo Nasri, na usiku alipata usingizi kwa kuwaza bei ya Nairobi tu.

Greda likanguruma wiki nzima. Mama Soila akawapikia mafundi makande, akawaonyesha maji yanapokatia njia, akadai na mtaro.

"Duma anahitaji mtaro?" Nasri aliuliza.

"Duma hapendi matope."

Jumamosi kijiji kizima kilijipanga, kwaya ya usharika ikiwa mbele na sare zake za zambarau. Lomayani akashika simu ya kupigia picha. Nasri, skafu shingoni, akawapungia mkono, akaingia kwenye Datsun, akazungusha ufunguo. Kimya.

"Betri imelala," alisema Lomayani. "Tunasukuma!"

Kwaya ikaingia nyuma ya gari kwa sauti tatu. Datsun ikatoka, ikashika mteremko. Nasri akaachia klachi: kimya. Akaachia tena. Vigelegele vilizidi, na mwizi hawezi kurudi nyuma kuomba msaada, basi akaiacha iserereke kwenye kifusi laini alichokigharamia mwenyewe. Kwa dakika chache, lazima tukiri, alikuwa Duma. Breki zilikuwa nzima. Mama Soila si muuaji. Gari likasimama lenyewe kando ya lami.

Nasri akafungua boneti. Kuku mwekundu, aliyeatamia mayai pale injini ilipopaswa kuwa, akamtazama kwa hasira.

Simu ikaita. "Kaka," ilikuwa sauti ya Brayson, "leo ndiyo Jumamosi."

Gari la maziwa likakata kona kutoka lami, likampigia honi, likapanda Olmotonyi bila kuyumba. Kutoka juu kijijini akashuka Lomayani na punda wawili na kamba.

"Injini iko wapi?" Nasri aliuliza.

"Iko mashineni, yero. Inasaga mahindi mwaka wa sita huu. Si uliisikia?" Akafunga kamba kwenye bampa bila haraka. "Mama anauliza, sehemu ya pili mnaipiga lini? Maana kuna korongo jingine kule kanisani."

Nasri alikuwa amekaa kwenye jiwe, skafu mkononi.

Lomayani akawageuza punda, kisha akakumbuka kitu.

"Halafu amesema fuko wanakusalimia. Wamenenepa."