Kopo la Majina

Jumapili, 2 Juni

Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mto wangu wa kulalia haujui: nataka mtoto wa kaka aitwe jina langu. Langu mimi. Haya, nimeliandika. Nimetazama mlango utadhani nimeiba.

Sababu ninayo. Mwalimu akiita majina darasani, naitika, lakini hata mimi sijisikii. Anarudia mara tatu, kisha ananiandika sikuja. Muhula uliopita "sikuja" siku kumi na moja, nami nimekaa mbele yake! Nikawaza: jina hili likibebwa na wawili, mmoja wao si atasikika? Na yule mtoto ana sauti. Ana siku nane tu duniani, lakini akilia jirani wanafunga madirisha.

Na kucha! Ana kucha tayari, kumi kamili vidoleni, zimekatwa zikalingana. Nani alizikata? Nimezitazama mpaka nikasahau chai. Tangu Jumamosi ile mimi ni shangazi wa mtu, na mtu mwenyewe hana jina. Anaitwa "huyu". Leteni nepi ya huyu. Nyamazeni, huyu kalala.

Kaka (fundi friji) kasema Ijumaa ameomba ruhusa kazini, saa tatu anakwenda kumwandikisha mtoto kwenye ofisi ya vizazi. Litakaloandikwa pale ndilo hilo mpaka uzeeni, hakuna cha kufutafuta. Kila mtu aandike jina moja, atie kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Wifi, mke wa kaka, ndiye atakayeamua, maana ndiye aliyepata taabu.

Nimeandika langu kwa mkono wa kushoto. Hakuna atakayenijua!

Jumatatu, 3 Juni

Balaa. Kopo limefunguliwa, karatasi yangu ikatoka ya kwanza. Kaka akaigeuza juu chini, akauliza ni nani mwenye mwandiko kama kuku kapekua. Mimi nikawa nachunguza zulia. Shangazi, dada yake Baba, yule wa kwaya, akacheka mpaka akashika kiuno. Jina hilo si tunalo humu ndani? Akiitwa mmoja wataitika wawili! Au tuwaite Mkubwa na Mdogo, kama sufuria? Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa nguvu kuliko wote, wasinishuku. Ikapitishwa sheria hapo hapo: jina la mtu aliyemo humu nyumbani, marufuku.

Wifi peke yake hakucheka. Aliikunja ile karatasi akaitia kwenye kopo lake la nyuzi, pale kwenye cherehani. Labda ya kuzungushia uzi.

Yaliyobaki: Sesilia (Shangazi), Irene (Mama), Debora (kaka), Asha (Bibi). Baba kasema lolote sawa, ila liwe fupi, maana mwenye kuita kwa sauti ni yeye. Wifi kasema lake bado analifikiria. Shangazi akadai jina bila maana ni kelele tupu. Bibi akauliza, sasa hizo maana anazijua nani?

"Kitabu," nikasema. Neno lilitoka lenyewe! Ikabidi nieleze: maktaba ya shule ina kitabu cha majina ya dunia nzima, cha Kiingereza, kinene. Kiingereza cha kusoma kitabu kinene humu ndani ninacho mimi tu. Kaka akanipiga begani. Basi wewe ndiye mtafiti wetu.

Mtafiti. Mimi!

Jumanne, 4 Juni

Mkutubi ana miwani mbili, moja usoni, nyingine kichwani. Kasema kitabu hiki hakijaazimwa miaka tisa. Akanitazama kwa moja, kisha kwa nyingine, akaninong'oneza akiuliza kama nina jambo lolote la kumweleza mwalimu mlezi. Nikasema mtoto ni wa kaka. Akagonga muhuri taratibu sana.

Nimesoma tangu nitoke shule. Jamani, sikujua! Yohana, Yahya, Ivan, Juan, Jean, Giovanni: wote ni jina moja! Limevuka mipaka, kila forodha likabadilisha koti. Salome ni amani. Irene ni amani. Frida ni amani. Watatu hawajawahi kuonana wala kusalimiana. Hawa, Zoe, Asha: uhai. Kwa hiyo mama mmoja akiita hapa, Asha njoo ule, na mwingine akiita huko kwenye baridi, Zoe njoo ule, wote wanauita uhai uje mezani. Nilikiweka kitabu chini nikazunguka chumba.

Melisa ni nyuki kwa Kigiriki, Debora ni nyuki kwa Kiebrania. Yaani watu huku na watu kule walitazama mtoto wa kike wakaona nyuki. Nani aliwaambia? Na Kalvini asili yake ni mwenye kipara. Labda walikiona kichanga hakina nywele, wakaona hiyo ndiyo sifa.

Jioni tumeanza na Sesilia. Nikasimama, nikasoma kama kilivyo: kutoka neno la Kilatini, kipofu. Shangazi akasema kitabu hicho hakina adabu, na aliyekiandika hakuwahi kuimba. Karatasi ikatolewa.

Lakini sauti yangu! Ilitoka yote. Hakuna aliyeniambia ongeza. Baba alipunguza redio.

Nikakaa, wazo likaja. Jina moja limeanguka kwa ukweli. Yakianguka yote, kopo litabaki tupu, na Ijumaa watalirudia langu, wapende wasipende. Sheria gani ya kupitishwa kwa kucheka?

Jumatano, 5 Juni

Nimedanganya. Nimedanganya vizuri sana.

Irene. Kitabu kinasema amani. Nikasoma: mwanamke anayeazima vyombo na harudishi. Mama akashika kifua. Akasema maajabu haya, anamjua mmoja wa jina hilo, sinia letu liko kwake mwaka wa pili! Akaichana karatasi mwenyewe.

Debora sikudanganya, nilirefusha. Nyuki, nikasoma, tena yule wa kuuma bila kuchokozwa. Kaka mwaka jana alifungua nyuma ya friji mbovu akakuta mzinga. Uso ulivimba hata kazini wakamwuliza anamtafuta nani. Hakusubiri nimalize. Toa, toa, toa.

Ikabaki Asha, ya Bibi. Nilikuwa nimeshaandaa uongo mtamu kuhusu mbuzi. Kabla sijafungua mdomo, Bibi akasema yeye hagombanii. Anataka kujua tu. Kabla ya Baba alizaa msichana wa jina hilo, akakaa naye siku kumi na moja. Walimpa jina kwa kulipenda, hakuna aliyewaambia maana yake.

Nikasoma kilivyoandikwa. Aliye hai.

Bibi akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Halafu akasema basi, inatosha, hilo lina mwenyewe, si la kumpa huyu. Akachukua karatasi yake akaenda nayo chumbani, kaibeba kwa mikono miwili kama kifaranga. Mimi nimesimama na kitabu. Wino tu ule. Wino wa watu wasiomjua Bibi, na umemfikia.

Kisha nikachungulia kopo. Tupu! Niliona aibu, lakini tupu ni tupu.

Ndipo Wifi akasema yeye sasa yuko tayari. Akatia karatasi. Rita.

Nikafungua R. Kitabu kikaandika: Rita, tazama Margareti. Basi, hivyo tu. M iko mbali, kitabu kizito, mkono umekufa ganzi, na macho yote kwangu. Sikutazama. Nikasema: Rita, kelele za vifuniko vya sufuria vikianguka.

Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Wifi akanikazia macho. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa, tena kwa lugha nne.

"Haya, wifi," akasema, akaenda kumnyonyesha mtoto.

Ushindi!

Alhamisi, 6 Juni

Si ushindi.

Nimefungua M. Nilitaka tu kuona nimekosea kwa kiasi gani. Margareti: kutoka Kigiriki, lulu. Margarita, Greta, Rita, wote lulu.

Nikalisoma neno hilo mara sita. Lulu. Ndilo ninaloitwa kila asubuhi niamke. Ndilo mwalimu analoliandika sikuja.

Nikaenda jikoni, nikamwuliza Bibi kwa mbali, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, Wifi alilitoa wapi jina lile. Bibi alikuwa anachagua mchele, hata hakuinua kichwa. Kasema ni jina la mkunga aliyemzalisha, na mkunga mwenyewe ndiye aliyemwambia maana pale pale wodini. Na ile karatasi ya mkono wa kushoto, Wifi aliijua ya nani siku ile ile. Kwani humu ndani nani mwingine anaona haya hata kwa mwandiko? Sheria ilipopitishwa akakumbuka jina la mkunga. Mtoto apewe la shangazi yake, lakini lililovaa nguo nyingine, akiitwa mmoja wasiitike wawili.

Nikauliza kwa nini mimi. Bibi akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini maji. Siku uchungu ulipomshika Wifi, kaka yuko juu ya paa la duka na mitambo ya friji za watu, nani aliyemfikisha hospitali? Mimi. Saa tatu nzima tulikaa kwenye benchi. Sikujua la kusema, kwa hiyo nilimsomea kila kilichobandikwa ukutani. Nawa mikono. Usiteme mate. Saa za kutazama wagonjwa. Nilipomaliza nikaanza upya. Wifi amemwambia Bibi kwamba sauti ile ndiyo aliyoishika kama kamba mpaka mlangoni.

Sauti yangu. Ilisikika. Kuna mtu aliishika.

Na jana, niliposema vifuniko vya sufuria, alikuwa anajua! Alisimama pale anajua kila kitu, akanipa nafasi ya kujirekebisha, nami nikamwongezea lugha nne. Ardhi ipasuke niingie na kitabu changu.

Bibi kasema dawa yake ndogo. Nende nikaseme: wifi, nilidanganya, naomba unisamehe. Nikahesabu. Maneno manne, hata mimi nayaweza.

Nikaenda. Wifi yuko kwenye cherehani, mguu mmoja kwenye pedali, mtoto kalala mgongoni. Akainua macho. Nikafungua mdomo. Nikasema: kitabu kina makosa ya chapa.

Akauliza, chote?

Nikasema ukurasa mmoja tu.

Akasema haya, akakata uzi kwa meno. Sijui kama alikuwa anacheka. Mtu mwenye uzi mdomoni hasomeki.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesema tumbo linauma, sijaenda shule. Saa mbili na robo. Kaka anatafuta shati. Muda upo wa kusema maneno manne, lakini usiku nilipata njia bora zaidi.

Nimechana karatasi katikati ya daftari la jiografia. Nimeipaka chai ya rangi, nimeianika dirishani, imezeeka vizuri kabisa. Nitaibandika mwisho wa kitabu. Nimeandika kwa herufi za kuiga chapa:

MASAHIHISHO. Kwa uzembe wa mpiga chapa, maana zifuatazo ziliharibika. Irene: amani, na hurudisha vyombo vya watu. Debora: nyuki mpole. Sesilia: kipofu, lakini mwenye sauti nzuri. Rita: lulu.

Safi! Nilipofika hapo kalamu haikutaka kusimama. Nikaongeza: Rita, pia, mtoto ambaye shangazi yake mdogo hapaswi kuosha vyombo kwa mwezi mmoja.

Saa mbili na nusu. Mlango wa nje. Kaka anatoka! Mapema! Gundi bado sijapaka! Wifi anampigia kelele kutoka sebuleni, asikosee, herufi nne, na akifika asianze kuzungumza na watu wa friji. Kaka anamjibu ameshika, ameshika, Rita, si mara ya kwanza kuandika.

Rita.

Wifi ameamua. Hakungoja kitabu, wala mtafiti, wala masahihisho. Nimekaa sakafuni. Huko ofisini mtu asiyenijua atachovya kalamu, na duniani kutakuwa na mtu mpya, mwenye kucha zake kumi, na huyo mtu ni mimi kwa Kigiriki! Nimejaribu kulisema kwa sauti ndogo. Nikalisema tena kwa sauti ya kawaida.

Kwa hiyo karatasi hii haina kazi tena. Ningeitupa. Lakini jamani, ilivyotoka! Hata doa la chai limekaa mahali pake. Na Wifi hajaiona. Na ule mwezi wa vyombo si jambo la kuachia hivi hivi. Nitaibandika tu, kisha nitamwomba afungue mwisho wa kitabu mwenyewe, kwa bahati, na mimi nitashangaa.

Ndala. Kwenye ukumbi. Taratibu, za mtu aliyebeba mtoto. Anamwimbia jina lake njia nzima. Zimesimama mlangoni kwangu. Gundi imeshika kidole, karatasi imeshika gundi, wapi, chini ya godoro, hapana, ndani ya shajara, fung