Mapipa ya Wiski na Cherehani ya Tekla

Jumatano, 27 Februari 1952. Jumatano ya Majivu.

Nimepakwa majivu asubuhi. Padre amenikumbusha kuwa mimi ni mavumbi. Nilikuwa najua. Baba mkwe alishaniambia wiki iliyopita, tena mbele za watu.

Neno lake naliandika hapa nisije nikalisahau. Tekla, mke wangu, yuko kwao Mtama. Hatarudi Lindi mpaka mimi Bonaventura nionekane nimeshika kazi moja, moja tu, tangu Majivu hadi Pasaka. Nikishindwa, nisimfuate tena. Mzee anasema amechoka kusikia leo nachemsha sabuni, kesho nafuga njiwa, keshokutwa nauza dawa ya chawa. Dawa ya chawa ilikuwa nzuri. Vichwa ndivyo vilivyokuwa vibaya.

Tekla hakusema mengi. Alinisindikiza mpaka kwenye lori, akaniomba nimtunzie cherehani yake iliyobaki Lindi isipate kutu. Nimelifikiria hilo njia nzima. Mwanamke asiyerudi haachi cherehani.

Kazi nimeshaichagua: kubanika samaki. Jirani yangu Klementi anabanika kwa makumbi ya nazi, na kila mwaka anazidi kunenepa. Hajui hata kuandika jina lake!

Ijumaa, 29 Februari.

Nimepata kitu ambacho Klementi hatakipata mpaka anakufa. Andrea, mpishi wa klabu ya Wazungu, kanieleza kuwa huko Ulaya samaki mzuri habanikwi kwa makumbi. Anabanikwa kwa mbao za pipa kuukuu la wiski. Pombe imelala ndani ya mbao miaka na miaka. Moto unaiamsha, moshi unamwingia samaki, Mzungu akionja anafumba macho. Andrea ameyaona macho yakifumbwa.

Wazungu wa mashamba ya karanga wanafunga shughuli zao kwa sababu karanga zimewakataa, na klabu imemwachia Andrea mapipa manne matupu. Hataki pesa. Mkewe anataka cherehani.

Nimekaa na neno hilo tangu adhuhuri hadi alasiri. Tekla alisema nitunze. Nyumba ya Andrea ina bati, yangu inavuja. Kwa hiyo itatunzwa zaidi kule. Nimeipeleka mwenyewe kichwani.

Juu ya meza imebaki kanga aliyokuwa akiifunikia. Siwezi kuitazama. Nimehamishia kiti upande wa pili.

Jumatano, 5 Machi.

Mbao za pipa ni ngumu kuliko moyo wa baba mkwe. Shoka limepata pengo. Lakini moshi! Ulianza mweusi, ukatulia, ukawa mtamu. Vibua wametoka na rangi ya shaba. Nimekula mmoja nikalia, si kwa moshi, kwa kumkumbuka Tekla.

Nikafunga tenga kwenye baiskeli, nikapanda hadi klabu. Mlango una kufuli. Mlinzi kasema Wazungu wa mwisho wameondoka na meli ya juzi. Amebaki paka.

Nikamwendea Andrea. Mbona hukuniambia? Akasema nilimuuliza habari za kuni, sikumuuliza habari za watu.

Alhamisi, 6 Machi.

Mungu hamtupi mja wake. Mwanaima, ambaye samaki wake ndio wanaokimbiliwa sokoni, amenunua tenga zima. Aliuliza ni kuni gani zinanukia hivyo. Nikasema mti wa Ulaya. Si uongo. Hadi adhuhuri walikuwa wamekwisha, na nusu wamekwenda kwenye nyumba yenye hitma. Watu wamelamba vidole.

Klementi alichungulia juu ya ua. Nikamuuliza makumbi hayajambo.

Jumapili, 9 Machi.

Baada ya misa nimesikia Klementi akiwaambia watu kuwa Bonaventura ni wa kupita tu, tusubiri wiki mbili. Sikuvumilia. Nimechukua mfuniko wa pipa, ule wenye maandishi makubwa meusi, nikaupigilia juu ya chanja ninayobanikia samaki, unatazama njia. Chanja sasa inafanana na ofisi ya serikali. Nimesimama upande wa pili wa njia nikaitazama mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, 10 Machi.

Ole wangu.

Karani wa forodha alipita, akausoma mfuniko kwa sauti. Neno wiski halihitaji mkalimani. Saa nne Mwanaima alikuwa uani kwangu na tenga lake tupu, na nyuma yake watu wawili wa ile nyumba ya hitma. Nikajitetea kuwa moto husafisha kila kitu. Kwamba pombe yenyewe ilishanywewa zamani na Wazungu. Kwamba mbao ni mbao.

Mwanaima alingoja nimalize. Kisha akasema, “Nilikuuliza, Bonaventura. Ungeniambia, ningekataa, na kesho tungesalimiana.”

Nimemlisha mtu haramu, tena katika kumwombea maiti wake. Mwanaima amelitupa tenga mlangoni kwangu kwa sababu hata tenga hawezi kulitumia tena.

Nimeubandua mfuniko. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 12 Machi.

Nimeamka na akili. Wakristo! Kwaresima hawali nyama, watakula nini kama si samaki? Nikapeleka vibua mlangoni pa kanisa, safari hii nikisema wazi kuwa ni pipa la wiski. Nimejifunza ukweli.

Ukweli hauuziki. Parokia nzima imeacha pombe mpaka Pasaka. Wanawake waliwavuta waume zao kwa mikono wasikaribie hata harufu. Mmoja tu, mwimbaji wa besi, alikula sita mfululizo, akadai wa saba, akilalamika kuwa bado hajasikia kitu.

Kumebaki samaki wengi. Paka wa klabu ameshanijua.

Jumatatu, 17 Machi.

Kosa lilikuwa wiski. Nimeliona sasa. Wiski ni pombe ya kulewa. Divai ni ya misa! Mtunza stoo wa misheni amenipa kipipa cha divai ambacho pete zake za chuma zimeliwa na kutu, akidhani nataka kuotesha mchicha. Nimebanika samaki changu kumi na wanane. Baba mkwe hawezi kusema nimebadilisha kazi. Samaki ni wale wale, kilichobadilika ni kuni.

Jumatano, 19 Machi.

Bibi Genoveva, mkubwa wa kina mama wa parokia, alikuja wa kwanza. Nikampa shikamoo, nikamweleza fahari yangu yote kuhusu divai. Akatandika kanga chini, akapiga magoti mbele ya chanja.

Nikamwambia, bibi, ni samaki tu. Akanijibu taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, kuwa hawezi kumla kabla ya kuungama, wala mimi sikupaswa kumgusa kwa mikono ile. Baadaye wakaja wengine wanane. Hakuna aliyenunua. Wote walipiga magoti. Mmoja aliomba majivu ya kumpaka mjukuu wake mwenye degedege. Nikasema hapana, akalia, nikampa.

Alasiri Padre aliniita. Aliongea kwa dakika chache na hakupandisha sauti. Samaki wote kumi na wanane nimewazika nyuma ya kanisa, kwa jembe langu, mvua ikininyeshea.

Siku ishirini na moja zimepita tangu Majivu. Sina samaki, sina mteja, sina cherehani. Nikitaka kumwandikia Tekla, kalamu inasimama. Nimwambie nini? Nimekuwa mtu ambaye Waislamu hawamnunulii na Wakristo wanampigia magoti.

Jumatatu, 24 Machi.

Klementi aliingia uani bila kualikwa, ameburuta gunia la makumbi. Hakunicheka. Ningependa angenicheka. Akasema chanja yangu ni nzuri, imefungwa vizuri, na kuni zangu ndizo zenye wazimu. Akakaa akanionyesha namna ya kuyalowesha makumbi kidogo ili yasiwake. Kisha akaenda zake.

Nimelowesha. Aibu tupu.

Jumamosi, 29 Machi.

Vibua wa makumbi. Wa kawaida kabisa. Mwanaima alipita njiani, akasimama. Akaingia bila salamu, akayafukua majivu kwa kijiti, akakinusa, akanunua tenga dogo. Amesema kila asubuhi atayakagua majivu kabla hajatoa pesa.

Ni haki yake.

Jumapili, 6 Aprili. Jumapili ya Matawi.

Wiki ya pili ya makumbi. Kila siku ni moshi, samaki, majivu, Mwanaima. Hakuna jipya lolote. Watu wa kawaida wanaishije?

Lakini nimekwenda kwa Andrea na samaki wa kumtosha safari yake ya kurudi Songea, pamoja na baiskeli yangu. Amenirudishia cherehani. Mkewe alilia. Nimeipaka mafuta, nimeifunika kanga yake. Nimeketi tena upande wangu wa meza.

Na barua! Tekla anakuja kwa lori la Jumamosi Kuu. Baba mkwe amesikia kuwa nabanika na sijaacha. Hakuuliza kuni.

Jumamosi, 12 Aprili. Jumamosi Kuu.

Imebaki siku moja. Naandika hivi ili ionekane kuwa nilikuwa na nia njema.

Saa tatu asubuhi Andrea alikuja, kesho anaondoka, na amebakiwa na pipa moja. La brandi. Nikakataa. Nikakataa mara ya pili. Akasema mkewe bado anaililia cherehani, hali chakula. Tekla ana huruma, angekuwepo angemwonea huruma. Na brandi si wiski. Wiski ni ya nafaka, brandi ni ya zabibu, mti mwingine kabisa. Wala si ya misa, kwa hiyo hakuna atakayepiga magoti. Na Wazungu watarudi. Karanga haziwezi kuwakataa watu milele.

Juu ya meza, pahali pa cherehani, nimeweka kasha, nikalifunika kanga. Nilitaka Tekla ale kwanza kabla hajajua.

Lori limechelewa kwa matope, likafika alasiri. Tekla kashuka na kuku, unga, na furushi kubwa la vitambaa. Wanawake watano wa Mtama wamemwagiza magauni. Ameyapokea kwa sababu aliambiwa nyumba yake imetulia. Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akaifunua kanga.

Akalitazama kasha. Akatazama mlangoni, lilipo pipa.

“Hilo ni la nini?”

Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, kuanzia zabibu. Aliikunja kanga mara nne, akaiweka juu ya vitambaa, akatoka navyo kurudi kwenye lori. Dereva alikuwa bado anashusha magunia. Kuku kamwacha.

Sikumfuata. Baba mkwe alisema nisimfuate.

Jumatatu, 14 Aprili. Jumatatu ya Pasaka.

Jana sikwenda kanisani. Nyumba ni kubwa. Sijui ilianza lini kuwa kubwa hivi. Kuku alikuwa akizunguka chini ya meza akimtafuta mwenyewe, nami nikiizunguka meza. Mwanaima alikuja asubuhi, akaliona pipa, akageuka na pesa zake mkononi. Klementi ameyachukua makumbi yake yaliyobaki.

Nimelia sana, sioni haya kuandika. Kisha nikakaa nikatafakari kwa makini ni wapi nilipokosea, na nimepaona. Tekla hakuonja.

Kwa hiyo nimempasua kuku wake, nimembanika kwa brandi mpaka mchana. Ametoka mwekundu, mtamu, hana mfano. Nimemfunga kwenye majani ya mgomba, nimempa dereva wa lori la Mtama amfikishie Tekla leo leo. Nimemwomba asimwambie kuni ni za nini mpaka amalize kula.