Mkasi Usiolia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mkasi umefika! Binamu yangu Tekla, msusi wa Dar, ameutuma kwa treni. Wa kitaalamu, mwembamba, unang'aa hadi naona aibu kuushika. Amenifundisha kwa simu kukata kwa kutelezesha: lowesha nywele, fungua mkasi nusu, uteremshe taratibu hadi nchani, usiufunge kamwe. Nywele zinapungua uzito, urefu unabaki. Jirani yangu Gerson, kinyozi kama mimi, ana mashine nne za kunyolea. Mashine haiwezi hayo. Amekwisha.

Jumatano, 11 Juni
Nimempata Kunal! Kijana wa duka la vitambaa, nywele zimenyooka mpaka mabegani. Tabora nzima sijaona nyingine kama zile. Jumapili anavishana pete na mchumba wake, na mchumba anazipenda ndefu hivyohivyo. Nizipunguze uzito tu. Atakuja Jumamosi. Gerson alikuwa anamnyemelea tangu Pasaka, maskini.

Ijumaa, 13 Juni
Siku nzima nautunza mkasi. Nimeufuta kwa kitambaa laini, nimetia tone la mafuta kwenye skrubu, nimeufungua na kuufunga taratibu, nimeufuta tena. Mke wangu Yustina aliuomba akatie uzi. Nilikataa. Akasema yeye hajawahi kushikwa kwa uangalifu namna ile. Nikaendelea kufuta, maana ni kweli. Makali nimeyajaribu kwa unywele mmoja. Ulikatika kabla sijajua.

Jumamosi, 14 Juni
Kunal kakaa kitini, benchi la nje limejaa watu. Nikalowesha, nikafungua nusu, nikateremsha. Raha iliyoje! Nywele zinashuka kama unga kwenye chekeche, kimya kabisa. Hapo Gerson, kutoka benchini, akauliza kama mimi, Wilbroad, ninanyoa au ninachana, mbona mkasi haulii. Mzee Vedasto, aliyekaa kando yake, akaongeza kwamba mkasi wa kinyozi wa kweli husikika tangu barabarani. Wakacheka. Damu ikanichemka. Nikaona niufunge mara moja tu, wasikie. Chwa!

Mkasi butu ungeng'ang'ania nywele, nikapata nafasi ya kujuta. Wangu, kwa matunzo yale, ulipita. Nywele zote za upande wa kulia, kuanzia sikioni, zikawa mapajani mwa Kunal. Aliniuliza kwa adabu kama huko ndiko kutelezesha. Nikajibu ni mtindo. Akainuka na kitambaa changu shingoni, akaenda kwa Gerson, akanyolewa zote.

Jumatatu, 16 Juni
Nasikia mchumba alilia kidogo, kisha akasema kumbe Kunal ana masikio mazuri. Pete wamevishana. Mama yake Kunal, Bi Parin, aliyembembeleza mwanawe kwa miaka sita anyoe, amempelekea Gerson sahani ya jalebi, vile vitamu vya sukari. Gerson! Na aliyeanza kukata ni mimi.

Nimefikiri sana. Kosa si langu, kosa ni ule ukimya. Kwa hiyo nimelegeza skrubu. Sasa mkasi unalia kwa kutikiswa tu, bila kufungwa. Tekla anapiga kelele kwenye simu kwamba makali yatasagana na kuharibika. Wivu huo. Alasiri nakwenda kumsalimia dada yake Kunal. Nywele zake zinafika kiunoni.